Jua Lililopitishwa kwa Waya

Hakuna shuka lililokufa mikononi mwa Mama wa Dobi. Lilipunguziwa cheo tu. Lilianza kazi kwenye kitanda cha mgeni, na lilipochakaa katikati alilipasua kwa urefu, akazileta kingo zake katikati, akazishona, likarudi kazini kwenye vyumba vya madereva. Baadaye likawa foronya, kisha kitambaa cha kukaushia sahani, kisha cha vumbi, kisha tambara la kupigia deki. Mwisho wa utumishi wake lilinifikia mimi, nikalizungushia bomba linalovuja. Siku moja nilifungua kiungo cha bomba la jikoni nikakuta kitambaa chenye nembo ya zamani ya hoteli, iliyoachwa kutumika kabla sijaajiriwa. Nilikiosha, nikakirudisha mahali pake. Bado kilikuwa na kazi.

Hoteli yetu iko juu ya mji wa Meru, pale barabara inapokaribia msitu, nami nimekuwa fundi wake wa maji na umeme kwa miaka kumi na minne. Nilipofika nilimkuta msimamizi wa dobi. Bila shaka jina lake lilikuwa ofisini, lakini wapishi, wahudumu wa vyumba na mameneja wanne waliopokezana wote walimwita Mama wa Dobi. Mimi aliniita Fundi, na akikasirika, Fundi wa Vitabu, kwa kuwa umeme sikuusomea chuoni. Niliusoma kwenye vitabu vya mitumba nilivyonunua sokoni, vingine vikiwa havina kurasa za mwisho.

Alikuwa mfupi, mwenye vidole vilivyopauka kwa maji, na alivaa sweta mbili hata mchana, moja juu ya nyingine. Ya ndani ilikuwa na mifuko, na mifuko hiyo ilikuwa na vibanio vya nguo, sindano, uzi na vipande vya sabuni.

Mali yake kubwa ilikuwa uwanja wa kamba nyuma ya jiko, kwenye mteremko unaotazama mashariki. Kulikuwa na kamba nane, na wanawake watatu waliofua na kuanika chini ya amri yake. Aliniambia kwamba uwanja huo aliuchagua kwa kuanika leso moja iliyolowa kila mahali palipokuwa na nafasi, siku baada ya siku, mpaka akajua ni wapi inakauka kwanza. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili kuhusu vipimo, na sikupata kasoro katika mbinu hiyo.

Kila asubuhi aliutazama Mlima. Ukiwa wazi, alifua mashuka. Ukiwa umejifunika, alifua foronya peke yake, na ukiwa umejifunika mpaka shingoni aliwaambia wale wanawake wakae washone. Mashine ya kukaushia hatukuwa nayo. Meneja mmoja alipotaka mashuka yakaushwe jikoni karibu na moto wa kuni, alimjibu, "Jua ikiamka, moto ilale," akamwachia meneja atafute maana mwenyewe.

Neno mazingira sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alikuwa na neno kuharibu, na lilimtosha.

Kwa kuharibu alimaanisha mambo mengi. Kutupa sabuni iliyotumiwa mara mbili na mgeni ilikuwa kuharibu. Alikusanya vipande hivyo katika mkebe, akaviyeyusha, akavimimina kwenye sinia, na sabuni hiyo ya rangi saba ilifua matambara yote ya hoteli. Kazi hiyo ilimletea barua ya onyo. Meneja wa pili aliandika kwamba ni marufuku mfanyakazi kuchukua mali iliyoachwa na wageni vyumbani. Mama wa Dobi alisoma barua, akasema asante, na kwa miezi iliyofuata aliandika hesabu ya mashuka nyuma yake, maana karatasi ile ilikuwa nzuri na upande mmoja ulikuwa mtupu.

Miaka michache baadaye meneja wa nne alitangaza kwamba hoteli itatafuta cheti cha utalii wa kijani. Wageni kutoka nje, alisema, siku hizi wanauliza kuhusu cheti kabla ya kuuliza kuhusu chakula. Akaletwa mshauri kutoka Nairobi, kijana mstaarabu mwenye viatu vya kupandia mlima ambavyo havikuwa vimepanda kitu. Tulikusanywa ukumbini. Mbele ya kila mtu paliwekwa chupa ndogo ya maji ya plastiki, na mshauri akatufundisha ubaya wa chupa ndogo za plastiki.

Alifika kwenye sabuni. "Nani anaweza kuniambia," aliuliza, "ni nini tungefanya na vile vipande vinavyobaki bafuni?"

Ukumbi mzima ulimgeukia Mama wa Dobi. Yeye aliangalia meza.

"Mama, wewe ndiwe mtaalamu wa usafi," mshauri alimhimiza.

"Mimi niliandikiwa barua," alisema. "Uliza mwenye hajaandikiwa."

Meneja alikohoa. Mshauri aliendelea, akaonyesha ukutani picha ya hoteli ya nchi fulani ambako vipande vya sabuni vinayeyushwa na kumiminwa kwenye sinia. Tulipiga makofi. Mwishoni Mama wa Dobi alizunguka ukumbini akakusanya chupa zote, zikiwemo zile za meza kuu, akazitoboa vifuniko na kuzigawa kwa wale wanawake watatu ziwe za kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi.

Nisimfanye mtakatifu. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya nailoni, ile tunayoiita karatasi, sisi wengine tuliitupa siku ile ile tukajiona raia wema. Yeye, ambaye hakuwa ametupa mfuko hata mmoja, alibaki na rundo lake, na akaendelea kuifua na kuianika kwenye kamba ya nane, nyuma ya mashuka ya vitanda vipana ili isionekane. Yaani katika hoteli nzima, mvunja sheria ya plastiki alikuwa mmoja, na ni yule ambaye plastiki yake haikuwahi kufika mtoni.

"Mama, utashikwa," nilimwonya.

"Nishikwe kwa kuosha karatasi? Wenye walizitupa wako wapi? Wako nyumbani wanakunywa chai."

Pia alikuwa na taa nje ya nyumba yake ya wafanyakazi ambayo iliwaka mchana na usiku. Nilimweleza mara nyingi. Alinijibu kwamba taa ikizimwa huchoka ikiwashwa tena. Nilimletea kitabu. Alikishika kwa heshima, akanirudishia, na taa ikaendelea kuwaka.

Lakini kosa lake kubwa lilikuwa la mataulo, na mimi ndiye niliyeligundua.

Baada ya semina mshauri alituachia kadi za kuweka bafuni. Zilisema kwa Kiswahili na Kiingereza: mgeni akitundika taulo, maana yake atalitumia tena, akiliacha sakafuni, tutamletea jingine, kwa pamoja tuokoe maji. Nilifurahi. Mimi husoma mita ya maji kila asubuhi na kuandika, na nilitarajia kuona matumizi yakishuka. Yalipanda. Nilidhani bomba limepasuka. Kwa siku tatu nilikagua matangi, vyoo na viungo vyote, nikaweka rangi ya chakula kwenye maji ya vyoo ili nione panapovuja. Hapakuvuja popote. Ndipo nilipomuuliza mhudumu wa ghorofa ya pili, akanielezea kwa furaha utaratibu mpya kama alivyofundishwa na Mama wa Dobi. Nilikwenda moja kwa moja dobi.

"Mama, kadi inasema aliyetundika taulo hataki jingine."

"Kadi haikuzaliwa na mtu," alisema bila kuacha kukunja. "Mtu ametundika taulo vizuri, amenyoosha, ameacha bafu ya wenyewe kama yake. Huyo ni mtu amelelewa. Nimrudishie taulo ya jana kama sina haya?"

"Na aliyelitupa chini?"

"Huyo tunamkung'utia ile yake, tunamwekea. Ajifunze."

"Kwa hiyo wanaotaka safi hawapati, na wasiotaka wanapata."

"Wale wa adabu wanapata. Wewe ulilelewa wapi, Fundi? Kwenu mgeni akija mara ya pili, mnampatia uji kwa kikombe ya jana haijaoshwa?"

Wanawake wale watatu walicheka. Mmoja akaongeza, "Huyu Fundi kwake ukitembea unapewa mita ya kusoma."

Nilijaribu kumweleza kwamba mto wetu hauishii hapa, kwamba watu wa tambarare huko Mitunguu wanamwagilia ndizi kwa maji hayo hayo. Akaniambia anajua, ana shamba dogo huko, na maji ya dobi hayapotei: huteremka kwa mtaro aliouchimba mwenyewe mpaka kwenye migomba ya hoteli. Hilo lilikuwa kweli. Lakini zamani taulo lilibadilishwa kila siku ya pili, na sasa kadi ilimfanya karibu kila mgeni atundike, aletewe jingine kila siku. Nilirudi ofisini, nikaandika kwamba ongezeko la matumizi ya maji linatokana na adabu. Meneja aliniuliza kama ninamdhihaki. Ilibidi kadi ziondolewe.

Mtu wa namna hii hawezi kuingia kwenye fomu, na fomu ilikuja. Ilikuwa ndefu, na mimi nilipewa niijaze kwa kuwa naandika vizuri. Swali mojawapo liliuliza hoteli inakausha nguo zake kwa njia gani. Palikuwa na visanduku vinne: umeme wa kawaida, gesi, kuni, umeme wa jua. Niliandika pembeni kwa mkono: kamba.

Mshauri alicheka kwa upole. "Fundi, kamba si mfumo."

"Inakausha."

"Najua inakausha. Lakini haina kisanduku." Maneno hayo yalifika dobi kabla ya jioni.

Meneja naye hakuipenda kamba hata kabla ya fomu. Aliona mashuka yanayopepea nyuma ya jiko kuwa aibu, kitu cha nyumbani, na kila alipokuja mgeni wa heshima aliamuru yaanuliwe, makavu kwa mabichi. Alitaka kitu cha kuonekana kutoka barabarani. Ikaamuliwa kununua mashine ya kukaushia nguo, na vioo vya kuvuna umeme wa jua ili kuiendesha. Mapaa yetu ni ya mabati juu ya mbao za zamani zisizobeba uzito, kwa hiyo vioo vingesimama ardhini. Nikaambiwa nitafute mahali.

Hapa inanipasa niwe sahihi. Kwa wiki mbili nilipima mwanga kila saa katika sehemu sita za kiwanja kwa kifaa kidogo nilichoazima. Sehemu iliyoshinda zote ilikuwa uwanja wa kamba. Haikunishangaza, leso iliyolowa ilikuwa imelipata jibu hilo zamani. Nilichora ramani kwa kalamu nyeusi, nikaweka vipimo, na juu ya mstatili ule nikaandika maneno mawili: nafasi wazi. Nilipokuwa nikiyaandika niliyaona mashuka kupitia dirishani. Ningeweza kuichagua sehemu ya pili kwa ubora, karibu na maegesho. Tofauti ilikuwa ndogo. Lakini mtu aliyejifundisha mwenyewe hupenda jibu lake liwe lile bora kabisa, hata kama hakuna anayemsahihisha.

Aliposikia, alikuja kwenye karakana yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni.

"Hebu nieleze polepole, mimi sijasoma. Jua inatoka."

"Ndiyo."

"Mnaikamata na kioo. Mnaipitisha kwa waya. Inaingia kwa mashine. Mashine inazunguka, inazunguka, ndio shuka ikauke."

"Ndiyo, Mama."

"Na shuka ilikuwa hapo tu nje ikingoja hiyo jua."

Niliwahi kusoma kwamba nishati hupotea kila inapobadilishwa umbo, na nilifikiria kumwambia hivyo, lakini ndicho alichokuwa ameniambia.

"Na hawa wanawake wangu watatu," aliuliza, "wao wataingia kwa waya gani?"

Kamba zilikatwa. Wale watatu walipewa barua na kurudi makwao. Yeye alibakizwa aiangalie mashine, kwani hakuna mwingine aliyejua shuka gani ni la kitanda gani. Cheti kilipatikana. Kiliwekewa fremu ukutani mapokezi, na chini yake tangazo: Nguo zako zimekaushwa kwa nguvu za jua. Meneja alipiga picha akiwa amesimama kando yake.

Wiki za kwanza mashine ilifanya kazi vizuri. Kisha nikaona umeme kutoka kwenye vioo unaanguka kila siku kabla ya saa sita mchana, hata mbingu ikiwa safi. Mashine ilipunguza mwendo, mashuka yakatoka yakiwa mabichi. Nilikagua waya, nikakagua betri, nikafungua kisanduku cha vipimo na kukifunga. Siku ya nne nilipanda mteremko.

Vioo vyote vilikuwa vimetandikwa mashuka. Vilivutwa sawasawa, bila kunyanzi, kila kona imebanwa kwa kibanio. Mama wa Dobi alikuwa akilinyoosha la mwisho kwa kiganja.

"Hii kitu yenu inapata moto kweli," aliniambia, na hakukuwa na kejeli usoni pake. "Inakausha kushinda kamba. Hapa mmefanya vizuri."

Nilimweleza kwamba vioo vikifunikwa haviwezi kutengeneza umeme, na bila umeme mashine haikaushi.

"Ndiyo maana naleta huku. Mashine haikaushi."

Nilipaswa kucheka, kumwomba ayaanue, na kunyamaza. Nilikwenda kuandika ripoti yangu ya siku, kama ninavyoandika kila siku: vioo vimefunikwa na mashuka kumi na mawili. Hesabu ilikuwa sahihi. Meneja aliisoma jioni ile. Ijumaa, Mama wa Dobi alipewa barua ya kuachishwa kazi, akafunga virago vyake, akakabidhi vibanio vyote, akaniachia mimi mkebe wa sabuni. Taa ya nje ya nyumba yake aliiacha ikiwaka. Nilikwenda nikaizima mwenyewe.

Sisi tunaoishi upande huu tunajua kwamba kuanzia Juni ukungu hushuka kutoka msituni na kukaa. Mtengeneza fomu hakujua, na mimi niliyejua sikuulizwa, wala sikujitolea kusema. Ukungu uliposhuka vioo vilivuna kiasi cha kuwasha balbu chache. Mashuka yalirundikana, yakaanza kunuka. Meneja alikataa kutumia umeme wa kawaida kwa kuhofia mkaguzi wa cheti, na jikoni alikataa kwa sababu ya moshi. Hatimaye mtu wa mapokezi alisema amesikia kuna mahali Mitunguu panapochukua nguo za hoteli, huko chini jua liko. Pikapu ikapakiwa mashuka yaliyofuliwa, mabichi, mazito kama magunia ya mahindi, nami nikatumwa niyahesabu.

Tuliteremka kwenye joto, ukungu ukabaki nyuma yetu kama blanketi. Tulipita katikati ya migomba, mifereji ya maji ikienda kando ya njia, dereva akasimama kwenye uzio wa michongoma. Ndani kulikuwa na kamba. Nilizihesabu kabla sijashuka: kumi na moja. Wanawake wawili walikuwa wakianika, nami niliwajua wote wawili. Kisha yeye akatokea nyuma ya shuka, akiwa na sweta moja tu, kwa sababu ya joto.

"Muga, Fundi wa Vitabu," alinisalimu kwa Kimeru. "Umeleta mabichi."

"Muga, Mama. Mashine imelala."

"Najua. Ukungu nayo haina kisanduku?"

Yule mwanamke aliyewahi kunicheka kuhusu mita alicheka tena. Walipakua, wakaanika, nami nikahesabu, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonileta. Kisha Mama wa Dobi alinipa maji ya kunawa na taulo, akaniletea uji kwenye kivuli cha mgomba. Taulo lilikuwa jeupe, zito, limenyooshwa. Nilifuta mikono. Nilikunywa uji wote kabla ya kusema nililokuwa nimelipanga njiani.

"Mama, ule uwanja ni mimi niliupima."

"Nani mwingine pale alikuwa na tepu?"

"Na ile ripoti."

"Nani mwingine anahesabu shuka za wenyewe?"

"Kwenye ramani niliandika nafasi wazi."

Hilo hakulijua. Aliacha kukunja.

"Wazi?"

"Ndiyo."

"Na shuka zilikuwa zinaning'inia?"

"Zilikuwa."

"Basi," alisema, na akarudi kwenye kazi.

Mashuka yalikauka kabla ya saa tisa. Nilisaidia kuyapakia, nikanawa tena. Lile taulo nilikuwa nimelitundika kwenye msumari wa nguzo, nikiwa nimelinyoosha ncha kwa ncha kama mtu aliyelelewa, na nilifanya hivyo nikijua anatazama. Ndani ya nyumba, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliona mataulo safi yamepangwa mpaka usawa wa kifua. Alikuja, akalishika lile la msumarini, akapima unyevu wake kwa vidole. Nilisubiri.

Alilikung'uta mara mbili, akanipa lile lile.

Nilifuta mikono, nikamshukuru, nikapanda pikapu. Hoteli bado ina cheti chake, na lile tangazo la nguvu za jua bado linasema kweli, hasa katika miezi ya ukungu. Kila Jumanne nateremka na mashuka. Nanawa mikono, nalitundika taulo vizuri, na mpaka sasa hajaniletea jingine.